Kidole cha Bi Siwatu na Folda ya Tausi

Ipo nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa, si kwa woga, bali kwa sababu jina lenyewe lilifutwa mwaka juzi ili kupata nafasi. Lilikuwa refu, lina "Adhimu" na "Tukufu" na "ya Milele" ndani yake, na wakubwa wakaona kwamba wananchi wanajua wanakoishi bila kuandikiwa.

Nchi hiyo yote ilikaa ndani ya kompyuta mpakato moja. Zamani walikuwa na makabati ya mafaili. Mchwa wakayala, mchwa wakashitakiwa, kesi ikaahirishwa, na kabla haijatajwa tena nchi rafiki ikaleta zawadi: kompyuta ndogo ya rangi ya fedha, nyembamba kama chapati ya mgonjwa, yenye diski ya gigabaiti mia moja na ishirini na nane. Watu wa kule huziita jibi kwa mkato. Siku ya kuipokea shule zilifungwa, ngoma zikapigwa, na Waziri wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Daktari Injinia Sekibo Fumbwe, akatangaza kwamba jibi hizo ni nyingi kuliko nyota, na taifa halitazimaliza hata wajukuu wa wajukuu wazeeke.

Ilijaa mwaka wa pili.

Si kwamba watu wa kule walikuwa na mambo mengi. Walikuwa na mambo machache, ila kila jambo waliliweka mara nyingi. Hotuba ya Waziri ilihifadhiwa kwa jina la "Mwisho", kisha "Mwisho Kabisa", kisha "Mwisho Kabisa Iliyosahihishwa", kisha "Hii Ndiyo Yenyewe", mpaka zikatimia nakala kumi na nne, kwa kuwa sheria ilisema hotuba ni kama jicho: ukiwa na moja tu, siku ikiingia vumbi umekuwa kipofu. Hotuba peke yake zilikalia jibi sitini na moja.

Sheria hiyohiyo ilitamka kwamba asiyemo kompyutani hayupo. Ukifika hospitali na mguu uliovunjika, kwanza wanakutafuta kompyutani. Usipoonekana, mguu ni wako na kuvunjika ni kwako. Na kwa kuwa kila mtu alikuwamo, heshima ikapimwa kwa ukubwa wa alimokaa. Waziri alikuwa na jibi tisa. Naibu wake alikuwa na nne na dereva. Mwalimu mkuu alipewa megabaiti moja, iliyotosha jina lake na picha ya nusu ya uso. Posa zilipopelekwa, wazee wa binti hawakuuliza kijana anafanya kazi gani. Waliuliza anakaa ngapi.

Jambo la mwisho la kufahamu kuhusu nchi hiyo ni majina ya folda. Kuandika "Ramani za Mabomba" juu ya folda ya ramani za mabomba kulionekana ni ushamba, sawa na mwanamke kuvaa kanga iliyoandikwa "Kanga". Folda ilipewa jina kama kanga inavyopewa maneno: la kumpasha mtu. Ramani za mabomba ziliwekwa ndani ya "Mlidhani Nitakwama", na aliyeziweka alipostaafu, hakuna aliyeziona tena. Maji yakakatika upande wa kaskazini. Lakini folda ilikuwa na jina zuri.

* * *

Katika nchi hiyo kiongozi habonyezi kitufe. Kubonyeza ni kufanya kazi, na kiongozi hafanyi kazi, anaongoza. Palikuwa basi na Karani wa Kidole, na kwa miaka kumi na tisa karani huyo alikuwa Bi Siwatu Mbwera.

Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa mali ya serikali. Akitoka kazini alikivika mfuko wa hariri. Hakikuruhusiwa kumenya kitunguu, wala kuchovya mchuzi, wala kumnyooshea mtu. Kwa heshima hiyo alipewa kilobaiti mia tatu, na zote zilijazwa na cheti cha kidole, ambacho muhuri wake ulikuwa mkubwa kuliko maneno.

Bi Siwatu hakuwa mtu mbaya. Alisali, alizika, alichangia harusi. Alikuwa na wivu tu, na wivu wake haukuwa wa kelele. Ulikuwa kama jipu la kwapani: kwa nje mtu amevaa akapendeza, ila mkono hauinuki. Na jipu hilo lilikuwa na jina. Liliitwa Tausi Mkwiche.

Tausi alifika ofisini miaka tisa baada yake. Siku ya kwanza aliishika puku ya kompyuta kwa mkia, kwa vidole viwili, uso ameugeuza pembeni. Siwatu ndiye aliyemfundisha kuilaza mezani na kuisukuma taratibu. Siwatu ndiye aliyemwonyesha kitufe cha herufi kubwa. Kisha Waziri akahitaji mtu wa kupanga sherehe, Tausi akajua kupamba jukwaa kwa vitambaa, na kabla Siwatu hajamaliza kumpongeza, mwenzake alikuwa Mkurugenzi wa Sherehe na Picha, mwenye jibi ishirini na mbili.

Ishirini na mbili. Bi Siwatu aliitamka namba hiyo akipiga mswaki. Waziri mwenyewe alikuwa na tisa, lakini Waziri ni mwanamume na ni mkubwa, na mtu haoni wivu kwa mlima. Mtu huona wivu kwa jirani aliyeongeza chumba. Isitoshe, mwenye jibi ishirini na kuendelea alikuwa na haki ya kutumia kidole chake mwenyewe ndani ya folda yake. Yaani Tausi, aliyeshika puku kwa mkia, sasa alikuwa na kidole huru. Na folda yake aliipa jina "Mtazoea Tu".

Kila asubuhi Bi Siwatu alipoifungua kompyuta ya taifa, "Mtazoea Tu" ilikuwa ya kwanza kumtazama. Miaka mitano, na hakuzoea.

* * *

Kisha mabinti zao wakajifungua, hospitali moja, siku mbili zilizofuatana.

Wa Tausi alitangulia. Mtoto wa kiume, akaitwa Sultani. Bibi yake hakutaka aandikwe kwa maneno matupu kama watoto wa watu. Alimwandikisha kwa video ya sherehe ya kumpa jina, jibi nne nzima, picha safi kiasi kwamba unaweza kuhesabu punje za wali katika pilau. Sheria haikukataza. Sheria ilisema tu "mtoto aonekane".

Kesho yake Bi Siwatu akavua mfuko wa hariri ili amwandike mjukuu wake, Sudi bin Raya, kwa maneno matupu, kilobaiti arobaini. Kompyuta ikafikiri. Ikasema: "Nafasi haitoshi."

Punje za pilau ya Tausi zilikuwa zimekula nafasi ya mwisho ya taifa.

Sasa, huko mtoto asiyeandikwa hadi arobaini yake huhesabiwa kuwa uvumi. Hapigwi chanjo, hasomeshwi, na akifa hazikwi, kwa sababu uvumi hauzikwi, hukanushwa. Zilipobaki siku kumi na moja, Raya alirudi kutoka kliniki na mtoto mgongoni, akamkuta mama yake anasonga ugali kwa mkono wa kushoto.

"Mama, nenda kwa Mama Tausi."

"Kwa nani?"

"Mama Tausi. Ana jibi ishirini na mbili. Sudi anataka kilobaiti arobaini. Hata hatamwona alipokaa."

"Mjukuu wangu akapange kwa Tausi?"

"Hakuna kodi, mama. Ni kuandikwa tu."

"Kodi ipo. Kodi ni kila akipita ukumbini aseme, 'Huyu wa Siwatu yuko kwangu, masikini, wala hali sana.'" Mwiko ukazunguka kwa nguvu. "Nikubali hilo, bora niukubali uvumi."

"Uvumi huo una vipele," Raya akasema. "Leo nesi kaninyima chanjo. Kaniambia, dada, nikuandikie nini, umebeba maneno ya watu."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia maneno ya watu yamelowa, aniazime kitambaa."

Bi Siwatu alitaka kucheka, akajizuia, kwa sababu angecheka angelegea, na angelegea angekwenda kwa Tausi.

"Subiri," akasema. "Nina kidole."

"Cha serikali, mama."

"Kimeota kwenye mkono wangu."

* * *

Tume ya Kupata Nafasi ilikuwa na wajumbe thelathini na mmoja. Ilikuwa imekaa mwaka mzima na kutoa ripoti kwa njia ya video, jibi tisa, na ili ripoti ipate pa kukaa, Tume ilifuta nusu ya pili ya Katiba, ambayo uchunguzi ulionyesha kuwa haijafunguliwa na mtu tangu iandikwe. Jina la nchi likaondoka katika awamu hiyohiyo.

Waliwahi kumwita fundi mmoja wa simu kutoka sokoni. Alitazama dakika tatu, akiwa amesimama. Akasema: futeni nakala, bakizeni mojamoja, kisha mwageni pipa la taka, maana vyote mlivyofuta vimo humo, vinakula nafasi ileile. "Mmetoa takataka sebuleni mkazisukuma uvunguni," akasema, "sasa mnashangaa nyumba haipungui." Wakamshukuru sana. Ushauri wake ukahifadhiwa, nakala kumi na nne. Pipa likabaki lilivyo, kwa sababu kisheria taka zote za nchi ni mali ya Wizara ya Usafi, na Wizara ya Usafi, ilipoandikiwa, ilijibu kwamba bado inatafuta namna ya kuingiza lori.

Jumatano hiyo, arobaini ya Sudi ikiwa Jumapili, Waziri aliiita Tume kwa dharura.

"Ndugu wajumbe," alisema, akashika ukosi wa koti kama anayejizuia asipae, "tunahitaji jibi tano kabla ya kesho. Kesho natoa hotuba ya mafanikio yetu katika kupata nafasi, na hotuba hiyo haina nafasi. Hatuwezi kuwa taifa ambalo mafanikio yake yanalala nje."

Wakapiga meza. Kisha ikaulizwa folda ya nani ifutwe, na meza zikanyamaza. Mjumbe mmoja akaeleza kwamba picha zake elfu nne za kukata utepe zote ni tofauti, kwa sababu mikasi ilikuwa tofauti. Mwingine akalia kidogo. Saa mbili baadaye Waziri akasimama tena.

"Tumeafikiana kwa kauli moja," akasema, "kwamba folda itakayofutwa iwe ya mtu ambaye hayumo ukumbini humu."

Wasiokuwemo walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Jenerali mstaafu, aliyefariki miaka minne iliyopita na kuacha jibi saba za picha za farasi wake, katika folda iliyoitwa "Nikiondoka Mtapumua". Wa pili alikuwa Tausi, aliyekuwa uwanjani akichagua pazia la sherehe ya kesho.

"Karani wa Kidole," Waziri akasema, "chagua wewe kati ya hao wawili. Sisi hatutaki historia itulaumu. Wewe historia haikujui."

Bi Siwatu akavua mfuko wa hariri. Kiyoyozi kikanguruma. Walitaka tano, na marehemu alikuwa na saba. Mtoto wa darasa la kwanza angemaliza hesabu hiyo akitafuna muwa. Zingetosha hotuba, ikabaki nafasi ya akina Sudi elfu. Bi Siwatu aliijua hesabu. Alimfikiria Jenerali, mzee wa watu, aliyekuwa akimsalimia kwa jina. Kisha "Mtazoea Tu" ikamtazama kutoka juu ya kioo, kama ilivyomtazama kila asubuhi ya miaka mitano.

Kwenye fomu, mahali pa sababu, aliandika neno moja: "Imezidi."

Ndani ya folda ya Tausi mlikuwa na vitu vitano. Vinne vilikuwa video. Alipobonyeza ya kwanza, kompyuta ikauliza: "Faili hili ni kubwa mno kwa pipa. Litapotea moja kwa moja. Ndiyo au Hapana?" Ndiyo, kidole kikasema. Ya pili, ndiyo. Ya tatu, sherehe za uhuru, ndiyo. Ya nne ilikuwa pilau ya Sultani, na hiyo aliibonyeza polepole, kama mtu anayemung'unya tonge la mwisho lenye nyama.

Cha tano kilikuwa kifolda kidogo, kipya, cha wiki moja tu. Kiliitwa "Utakuja Kwangu Tu".

Karani wa Kidole haruhusiwi kufungua. Anabonyeza, hasomi. Lakini Bi Siwatu hakuhitaji kufungua ili ajue kanga hiyo imeshonewa nani. Damu ikampanda masikioni. Akabonyeza kwa nguvu hadi kucha ikauma. Kifolda kilikuwa kidogo, pipa likakipokea bila swali.

Ukumbi ukapiga makofi. Jibi ishirini na mbili zilikuwa wazi, zinang'aa, kama kiwanja kilichofyekwa.

"Mheshimiwa," Bi Siwatu akasema, "kabla ya hotuba, naomba kilobaiti arobaini nimwandike mjukuu wangu."

"Andika, mama, andika. Taifa ni lako."

Akaandika: Sudi bin Raya. Akabonyeza. Kompyuta ikafikiri, na ikajibu kwa herufi ambazo ukumbi mzima uliziona ukutani: "Jina hili limekwisha kuandikwa. Mahali alipo: Pipa la Taka."

Kompyuta ile, iliyomeza hotuba moja mara kumi na nne bila kusema neno, haikukubali mtu mara mbili.

"Pipani?" Waziri akasoma tena. "Haya, si haba. Amepata makazi."

Waziri wa Usafi, aliyekuwa kiti cha nyuma, akainua mkono kwa furaha. Alitaka kuutangazia mkutano kwamba baada ya miaka sita Wizara yake imegundua kuwa lori halihitajiki. Jumamosi, saa tatu asubuhi, pipa la taifa litamwagwa hadharani. Bendi ya shaba imekwisha kualikwa. Na kilichomwagwa, kwa mujibu wa sheria, hakijawahi kuwepo.

* * *

"Nilikwenda wiki iliyopita," Raya akasema jioni hiyo nyumbani, macho kwa mtoto. "Mama Tausi alimwandika hapohapo, kwa kidole chake. Akasema nisikwambie. Alitaka akwambie mwenyewe."

Kilichomo pipani kilirudishwa kwa saini ya mwenye folda, si vinginevyo. Ijumaa baada ya sala Bi Siwatu alijitanda, akavuka mitaa miwili, akapiga hodi.

"Karibu," sauti ikasema kutoka barazani. "Kidole umekuja nacho?"

Tausi alikuwa amekaa mkekani, Sultani mapajani, ametulia namna ya mtu aliyekwisha kulia mapema ili wageni wasimkute na machozi. Bi Siwatu akaketi bila kuambiwa aketi.

"Nimefuata saini, mwenzangu."

"Najua. Lete fomu." Tausi akavaa miwani, akaishika kalamu. "Hapa wanataka jina la folda. Iliitwaje?"

Bi Siwatu akarekebisha mtandio.

"Nakuuliza jina, bibie. Pasipojazwa hawapokei."

"Utakuja Kwangu Tu."

"Na umekuja," Tausi akasema, akiandika.

Kuku wa jirani akapita. Sultani akapiga chafya.

"Jenerali amekufa miaka minne," Tausi akasema, kalamu ikiwa hewani. "Alikuwa na saba. Walitaka tano. Nikuulize tu, hesabu ilikushinda?"

"Haikunishinda."

"Basi kwa nini mimi?"

"Jenerali hajawahi kuniambia nitazoea."

Tausi alijaribu kununa, akashindwa. Alicheka kidogo kwa pua, kisha macho yakamlowa, akakasirika kwa yote mawili. "Nafasi haikuwepo, unajua? Hata kwangu ilikuwa imejaa. Nilikata video ya Sultani nikapata pa kumweka Sudi. Sekunde mbili. Pale nyama inapoingia sufuriani. Pazuri kuliko pote."

Bi Siwatu akatazama mkeka.

"Wala usinione mwema," Tausi akaendelea. "Nilikuwa nakuwekea maneno. Jumapili, kwenye arobaini, ningesimama mbele za watu niseme, 'Siwatu, mwalimu wangu, wa kwako yuko kwangu, na mimi sikumwambia mtu.' Kwenye kipaza sauti. Na nguo nilikwisha kushona."

"Tausi, ningekufa."

"Usingekufa. Ungezoea tu."

Kisha Tausi akamwinua Sultani na kumtazama kama anayemkagua. Mtoto huyo hakuwa ameandikwa kwa maneno popote. Alikuwa video, na video haikuwepo tena. Arobaini yake ilikuwa kesho. Na bibi mwenye jibi sifuri hana haki ya kidole.

"Nafasi imebaki kiasi gani?" Tausi akauliza.

"Hotuba ya mafanikio iliingia jana, nakala kumi na nne. Halafu wakahifadhi makofi, faili lake peke yake." Bi Siwatu alikuwa ameangalia asubuhi, mara tatu. "Zimebaki kilobaiti arobaini na moja."

"Sultani anataka arobaini."

"Nitamwandika. Leo hii."

"Umwandike kwa zote."

"Na hiyo moja ya nini?"

"Ya heshima," Tausi akasema. "Nimezoea kukaa pakubwa. Nirudi arobaini sawa na wewe, siwezi. Roho itaniuma."

Bi Siwatu alilielewa jambo hilo kuliko maneno yote aliyowahi kuambiwa katika lugha yake. Akaafiki kwa kichwa.

"Na anayesaini kurudisha ndiye anayeipa folda jina," Tausi akaongeza, akaweka saini yake kubwa yenye mikia. "Sheria hiyo, sikuitunga mimi."

"Jina gani?"

"Utalisikia."

* * *

Jumamosi pipa la taifa lilimwagwa. Bendi ilipiga, Waziri wa Usafi alivaa glavu nyeupe, na Bi Siwatu, aliyekwisha kumtoa mjukuu wake humo jioni iliyotangulia, akabonyeza kwa niaba ya glavu. Ikafunguka nafasi ya jibi kumi na tisa, kama fundi wa sokoni alivyosema. Wakati huohuo zikatoweka nusu ya Katiba, jina la nchi na ramani za mabomba, ambazo kumbe mtu alizifuta kwa kuchukia jina la folda. Hakuna aliyeuliza. Sherehe ilikuwa imepigwa picha kwa kamera sita, na kufikia Jumatatu picha zenyewe zilikuwa zimekalia jibi zote kumi na tisa.

Jumatatu hiyohiyo Bi Siwatu na Raya walikuwa kliniki na Sudi. Akina mama walijaa mabenchi hadi mlangoni, na mbele yao kidogo, amejitanda kitenge kipya, alikuwa Tausi na Sultani.

Katika nchi hiyo mtu haitwi dirishani kwa jina alilopewa na wazazi wake. Huitwa kwa jina la folda yake: shuleni, benki, mahakamani, na siku atakayooa, mbele ya wakwe. Nesi akafungua daftari, akasafisha koo, akaita kwa sauti ya kufika hadi barabarani:

"Bibi Aliniweka Pipani!"

Mabenchi yakageuka. Mama mmoja akauliza bibi gani huyo asiye na haya. Raya akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika, na haikujulikana ni kilio au ni nini. Tausi alikuwa akitazama dari kwa unyenyekevu mkubwa.

Bi Siwatu akasimama. Akamweka Sudi vizuri begani.

"Tupo," akasema.

Akatembea mpaka dirishani, hatua ishirini, na kila hatua ilikuwa ndefu kuliko miaka mitano. Sindano ikaingia, Sudi akalia kilio cha mtu aliyepo, na bibi yake akashukuru Mungu kwa moyo wote. Angeondoka hapo akiwa mtu mwenye amani, lakini kadi ya Sultani ilikuwa imelala mezani, na jicho halina pazia. Sudi: kilobaiti arobaini. Sultani: arobaini na moja.

"Nesi, mwanangu," akanong'ona, "hebu nitazamie. Huyu ana moja zaidi. Ndani yake mna nini?"

Nesi akatazama, akageuza kadi, akatazama tena.

"Hamna kitu, mama. Iko tupu."

"Tupu?"

"Tupu kabisa."

Bi Siwatu akairudia kimoyomoyo. Katika nchi nzima iliyojaa hadi kooni, ambamo Katiba ilikosa pa kulala, mjukuu wa Tausi alikuwa na chumba cha ziada, kimefagiliwa, na hakina mtu. Akamkabidhi Raya mtoto. Ndani ya mfuko wa hariri, kidole cha serikali kilikuwa kimeanza kumwasha.

Yaliyofuata yapo, na waliyaona wengi. Hayakuandikwa tu, kwa kukosa nafasi.